Shemeji Pua na Gari la Mkunga

Mimi ni fundi umeme wa magari, na nina hasira za karibu. Nasema mapema ili mtu asije akashangaa huko mbele. Hasira hizo nimezichoka mwenyewe, lakini kuchoka kitu si kukiacha. Na mtu aliyenichosha kuliko wote duniani, kuliko hata yale magari ambayo nyaya zake zote ni za rangi moja, ni kaka wa mke wangu, fundi injini ambaye mji mzima unamwita Pua.

Ukimwona hutaelewa jina limetoka wapi. Ana pua ya kawaida kabisa, tena ndogo. Jina alilipata kwa kazi. Miaka thelathini na moja amekuwa akitambua ugonjwa wa gari kwa kunusa tu, na kwenye gereji yetu jambo hilo lilikuwa limegeuka kuwa sheria. Gari likiletwa linanuka, hakuna kugusa kitu. Boneti haifunguliwi. Pua anaosha mikono kwa sabuni ya unga mpaka kwenye viwiko, anaingia garini, anapandisha vioo vyote, anawasha injini na kufumba macho. Sisi wengine tunaweka spana chini. Hata fundi bodi, ambaye kelele ndiyo kazi yake, anashusha nyundo. Zinapita dakika tatu, nne, kisha Pua anashuka na kutoa neno moja. "Klachi." Au, "Waya." Au, siku moja, "Mfuko wa plastiki umenasa kwenye bomba la moshi," na kweli tukaukuta umeng'ang'ania pale chini, umeyeyuka kama mshumaa.

Kwa watu wa kawaida, mpira unaoungua ni mpira unaoungua. Kwake yeye zilikuwa harufu sita au saba tofauti. Mkanda wa injini unaoteleza, alisema, unanuka mkali na mkavu. Oili ikidondokea bomba la moto harufu yake ni nzito, inakaa kooni. Klachi inanuka karatasi zaidi kuliko mpira. Waya unawasha macho kabla haujafika puani. Alinifundisha yote hayo miaka ile naanza kumposa mdogo wake, na mimi nikaitikia ndiyo, ndiyo, ingawa sikushika hata nusu. Nilikuwa natafuta mke, sikuwa natafuta elimu.

Sasa sikia ujinga wetu. Mwenye gari akijaribu kufungua mdomo, akisema, "Fundi, mimi naisikia zaidi nikiwa..." tulimrukia wote kwa pamoja. "Subiri! Usimwambie, utamharibia!" Tulisema hivyo kwa fahari, kama watu wanaolinda hazina. Mtu anaishi na gari lake mwaka mzima, analijua linavyokohoa na linavyokoroma, halafu sisi tunamfunga mdomo. Ndivyo tulivyofanya kazi, na kwa miaka mingi haikutudhuru kwa sababu pua ya Pua ilikuwa haikosei.

Basi Ijumaa moja ya mvua akaja mkunga.

Mkunga huyu ni mama mnene, mwenye sauti ya kuamrisha, na nusu ya watoto wa upande wetu wa mji wamepita mikononi mwake. Kila Alhamisi anateremka bondeni kwenye kliniki ndogo, amebeba mizani, sanduku la dawa, na mara nyingi abiria: mzazi anayerudishwa kwao, au mjamzito anayepandishwa hospitali. Barabara ya kule ina kona kumi na moja, na upande mmoja hauna kitu isipokuwa hewa. Gari lake ni dogo, jeupe, limezeeka kwa heshima.

"Linanuka mpira unaoungua," alisema. "Tena linanuka hasa pale..."

"Subiri, mama!" tukamkatiza.

Akatuangalia mmoja mmoja. "Ala! Wodini mimi ndiye ninayewanyamazisha watu. Leo nanyamazishwa mimi, tena na wanaume wenye grisi puani."

Tulicheka. Pua hakucheka. Alinawa, akaingia, akafunga vioo. Alikaa muda mrefu kuliko kawaida, nadhani dakika kumi, mpaka fundi bodi akaninong'oneza kwamba mzee amesinzia. Wala tusingemlaumu. Siku hizo Pua alikuwa amechoka waziwazi. Magoti yalimlalamikia, alikuwa akila chakula cha mchana huku anasinzia, na jioni alitembea kwenda nyumbani kama mtu aliyebeba gunia lisiloonekana. Sote tulikuwa tumechoka, lakini yeye alikuwa ametutangulia.

Aliposhuka alisema, "Mkanda," akiangalia chini.

Tukafungua boneti. Mkanda kweli ulikuwa umepasukapasuka. Kwa gari la umri ule ningeshangaa usingekuwa hivyo, lakini nani alikuwa na haja ya kushangaa? Pua amesema. Tukaweka mpya, mkunga akaondoka.

Ijumaa iliyofuata alirudi. "Linanuka vilevile," alisema, na safari hii hakujaribu kueleza zaidi. Alisimama kando, mikono kifuani, akatungoja tumalize ibada yetu.

Pua akaingia tena. Akashuka. "Oili."

Chini ya kifuniko cha juu cha injini palikuwa na doa la oili, dogo tu, kama chozi. Akaanza kufungua ili abadilishe gasketi. Mimi nilikuwa hatua mbili nyuma yake, mezani kwangu, nimeshughulika na taa za lori. Chuma changu cha kulehemu kikateleza kikaangukia rundo la nyaya kuukuu. Sikukiona. Plastiki ikaanza kuungua, na wewe kama hujawahi kusikia harufu ya plastiki ya waya inayoungua, shukuru. Fundi bodi, aliyekuwa mwisho kabisa wa uwanja, akapiga kelele: "Nani anataka kutuua huko?" Mkunga akaziba pua kwa kitambaa. Fundi matairi akatoka mbio na ndoo ya maji.

Pua hakugeuka.

Alikuwa ameinamia injini, mgongo kwangu, anaguna wimbo wake wa siku zote. Moshi ulikuwa haujapita mbele ya macho yake. Alikuja kugeuka aliposikia watu wakikohoa, akaona moshi, ndipo akafoka, "Nani anaunguza waya hapa?" Alifoka kwa nguvu, kwa hasira ya kweli, na watu wengine wakaona ni ukali wake wa kawaida. Mimi macho yalinitoka. Mtu aliyewahi kunusa kiberiti nilichoficha mfukoni mwa koti, leo anaunguziwa waya mgongoni na hana habari!

Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu. Alikuwa anakunja nguo. Akaziacha, akaweka kiganja shavuni.

"Wiki iliyopita alipita hapa," alisema. "Nikampa maziwa. Akanywa glasi nzima, akasema ahsante mdogo wangu, matamu. Alipoondoka nikamimina yaliyobaki ninywe mimi. Yalikuwa yamechacha, baba watoto. Yamechacha mpaka yameganda."

"Ukadhani nini?"

"Nikadhani ana adabu."

Tukakumbushana. Mwaka jana alipata mafua makali, akalala wiki mbili. Alipopona, chakula akawa anakitia chumvi kabla hajakionja. Manukato aliyokuwa akimnunulia mke wake kila sikukuu, safari hii hakununua. Mambo madogo madogo, kila moja lina maelezo yake, na mtu ukiyaweka pamoja unajiuliza ulikuwa wapi.

"Usimwambie mtu," mke wangu alisema. "Kazi yake ndiyo jina lake. Ukimvua hilo utakuwa umemuua."

"Na gari la mkunga?"

"Labda ni oili kweli."

Labda. Nikaling'ang'ania neno hilo kama mtoto na nguo ya mamake. Mimi mwenye domo, mimi ninayegombana na wauza vipuri, na wateja, na mvua ikinyesha vibaya, nikanyamaza. Niliogopa. Sikuogopa kwa ajili yake peke yake, nisitie chumvi kwenye wema wangu. Niliogopa kuwa mimi ndiye nitakayesema, na kelele zitakazofuata, na uso wake. Nilikuwa nimechoka, nikaona acha lipite. Gasketi ikawekwa, gari likaondoka, na wiki nzima nililala vibaya.

Alhamisi, mkunga hakungoja Ijumaa. Alifika alasiri moja kwa moja kutoka bondeni, akiendesha polepole kama anayesindikiza maiti. Ubavu wa kushoto wa gari ulikuwa umechubuka kuanzia mbele mpaka nyuma. Aliposhuka, aliuacha mlango wazi.

"Kona ya tisa, wakati wa kuteremka," alisema. "Nimekanyaga breki, imezama. Laini kabisa, kama nimekanyaga godoro. Nimeingiza gia namba moja nikalikwaruza gari kwenye ukuta wa mlima mpaka likasimama. Nyuma nilikuwa na msichana na mtoto wake wa siku mbili. Siku mbili, jamani."

Hakuna aliyeumia. Alilisema hilo mara tatu, nadhani alikuwa anajiambia mwenyewe. Fundi bodi akamletea kiti.

Na Pua? Pua akaenda kwenye ndoo akaanza kunawa mikono. Mpaka viwiko.

Hapo ndipo nilipopasuka. Nilimshika mkono ukiwa bado na povu, nikamvuta nyuma ya rundo la matairi makuukuu. Nilidhani nitapiga kelele, lakini sauti ilitoka ndogo.

"Shemeji, unakwenda kunusa nini?"

"Niache."

"Unakwenda kunusa nini, na pua huna?"

Akaniangalia. Povu lilikuwa linamdondoka kwenye viatu. Nilingoja anitukane, na nilikuwa na majibu yangu tayari, maana mimi majibu huwa sikosi. Akauliza tu, "Umejua tangu lini?"

"Tangu Ijumaa. Nilipounguza waya."

"Wiki nzima umejua, ukaliacha gari literemke."

"Na wewe je? Wewe umejua mwaka mzima!"

Hapakuwa na wa kumcheka mwenzake. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wanavyosema, lakini hapa kifo kilikuwa kimemfuata mtoto wa siku mbili ambaye hakuficha kitu chochote.

Pua akaketi juu ya tairi. "Nilidhani itarudi," alisema. "Kila asubuhi nikiamka nanusa sabuni. Nanusa kiatu. Nasema leo, kesho. Nikiingia kwenye gari nakisia. Magari mengi ni mkanda au ni oili, ukikisia hivyo mara nane kati ya kumi umepata. Nimechoka, shemeji. Nimechoka kuigiza mbele yenu kuliko nilivyochoka na kazi."

"Basi nenda kamwambie."

"Nani?"

"Mwenye gari, nani mwingine!"

Akajifuta mikono kwenye suruali, akanyanyuka kwa kushika goti, akatoka. Nilimfuata kwa nyuma, kwa kweli nikiwa tayari kumdaka akianguka.

Akasimama mbele ya kiti cha mkunga. Uwanja mzima ulikuwa kimya, watu wamezoea, wanadhani sasa ataingia garini.

"Mama," alisema, "pua yangu imekufa. Huu mwaka sasa. Mkanda nilikudanganya, oili nilikudanganya. Sikusikia harufu yoyote ndani ya gari lako."

Fundi bodi nyundo ilimponyoka.

Mkunga hakupandisha sauti, na ingekuwa nafuu angeipandisha. "Nilikuwa na mtoto wa siku mbili mle ndani, fundi."

"Najua."

"Hujui. Mimi ndiye niliyemsikia akilia."

Pua aliinamisha kichwa akapokea. Nami nilikuwa pembeni yake, na sikusema kwamba nilijua. Nasema leo. Siku ile sikusema.

Kisha Pua akachuchumaa mbele ya kiti, magoti yakalia ka! ka! "Naomba uniambie wewe," alisema. "Wewe ndiye unayeishi nalo. Linanuka lini?"

Mkunga akamwangalia kama mtu anayefikiria kuondoka. Nafikiri alibaki kwa sababu Alhamisi nyingine ilikuwa inakuja, na bondeni hakuna mkunga mwingine.

"Mara mbili nimekuja kuwaambia mkanifunga mdomo," alisema. "Halinuki likiwaka. Halinuki likipanda. Linanuka likiteremka, kuanzia kona ya tatu. Na harufu haitoki mbele kwenye matundu ya hewa, inaingia kwa dirisha langu, upande wa kulia, kioo kikiwa wazi. Nikiegesha kliniki nusu saa, inaisha kabisa. Na si mpira tu. Ni kama pasi ya moto iliyosahauliwa juu ya nguo."

"Gari linavuta upande?"

"Kulia. Kidogo. Nilidhani ni barabara."

Pua akafumba macho. Kisha akafumbua, na nikaona usoni mwake kitu ambacho sikukiona mwaka mzima: alikuwa anafikiri, alikuwa haogopi. "Breki ya mbele kulia," alisema. "Inakamata, haiachii. Ndiyo inayounguza. Na ikiunguza sana mafuta ya breki yanachemka, ndipo pedali inazama mpaka yapoe. Mama, ulituletea jibu Ijumaa ya kwanza."

Nikaendesha mimi, yeye kando yangu. Tulizunguka mtaa mara nne nikikanyaga breki kila baada ya nyumba mbili, tukarudi uwanjani. Akashuka na kikombe cha maji. Akadondosha tone kwenye rimu ya kushoto: likateremka chini kama kawaida. Kulia: chwiii, likakauka. Hata mimi sasa niliisikia harufu, ile ya pasi, nikamwambia ipo. Akaitikia kwa kichwa, hakuona haya.

Tukapandisha gari kwa jeki, tukaweka magogo chini. Hapo gurudumu lilikuwa limeshapoa kidogo, akalizungusha kwa mkono likazunguka vizuri, halina neno. Fundi matairi akasema, "Hamna kitu hapa." Pua akaniambia, "Kanyaga breki kwa nguvu. Achia." Nikaachia. Akalizungusha. Limeganda. Mguu wangu uko hewani na gurudumu limekamatwa kana kwamba bado nimekanyaga.

"Sasa tuone ni nani mwizi," alisema. Akalegeza skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye kalipa, kile kibano cha pedi za breki. Mafuta ya breki yakaruka, psii, na papo hapo gurudumu likawa jepesi. Akatueleza, tena kwa sauti ya ualimu ambayo nilikuwa nimeisahau. Kama pistoni ya kalipa, ile inayosukuma pedi, ingekuwa imekwama kwa kutu, kumwaga mafuta kusingeifungua. Imefunguka kwa sababu mafuta yalikuwa yamenaswa mle ndani, yameingia yakashindwa kurudi. Na yanashindwa kurudi kwa sababu mpira wa breki, lile bomba laini linalopeleka mafuta kwenye gurudumu, umeoza kwa ndani. Kwa nje mzima kabisa, hauna hata ufa. Ndani umevimba. Ukikanyaga, nguvu ya mguu inayasukuma mafuta yapite. Ukiachia, hakuna cha kuyarudisha.

Aliufungua mpira ule, akaupasua kwa wembe kwa urefu, akatuonyesha. Tundu la ndani lilikuwa jembamba kuliko kijiti cha kiberiti. Mkunga alinyanyuka kutoka kitini akaja kuangalia pia, akaugusa kwa kidole, akarudi kukaa.

Tulibadilisha mipira yote miwili ya mbele, maana ulioko kushoto ulikuwa wa umri uleule. Pedi za kulia zilikuwa zimeungua zimekuwa ngumu kama kigae, tukaweka mpya pande zote. Kimpira cha kuzuia vumbi kwenye pistoni kilikuwa kimeyeyuka, na hiyo ndiyo harufu ya mpira aliyokuwa akiisikia mama wa watu. Tukamwaga mafuta ya zamani, meusi yaliyochemka, tukaweka mapya, tukatoa upepo ulionaswa kwenye mabomba ya breki, gurudumu moja baada ya jingine, mimi kwenye pedali, Pua chini akiita, "Kanyaga! Shikilia! Achia!" mpaka jua likakaribia kuzama na mguu wangu ukafa ganzi.

"Una uhakika?" mkunga akauliza.

"Kwa macho na mikono, ndiyo," Pua alisema. "Lakini Alhamisi ijayo naomba nikusindikize."

Alhamisi tukaenda. Pua alikaa mbele, mimi nyuma, nimebanwa kati ya mizani ya watoto na sanduku la dawa lililonitoboa mbavu kila kona. Mkunga aliendesha bila kumsemesha Pua hata neno. Alinisalimia mimi, hakumsalimia yeye. Kona ya tatu Pua akaomba tusimame. Akashuka, akaweka mgongo wa mkono kwenye rimu ya kulia, akaenda kwa ya kushoto, akarudi. "Joto moja," alisema. Kona ya sita, akashuka tena. Kona ya tisa tuliupita ule ukuta wa mlima, rangi nyeupe ya gari bado iko kwenye jiwe, na hakuna aliyeutazama zaidi ya mara moja.

Chini kabisa, mbele ya kliniki, alizunguka magurudumu yote manne. Kisha akamgeukia mkunga. "Unasikia harufu yoyote?"

Mkunga akatoa kichwa dirishani, akanusa upande wake kwa makini. "Hapana," alisema, akateremka kwenda kufanya kazi yake.

Tulikaa kwenye benchi la nje kumsubiri. Akina mama walikuwa wamepanga foleni na watoto mgongoni na mapajani, wengine wanalia, wengine wamelala midomo wazi. Nilidhani Pua atasinzia kama kawaida yake. Hakusinzia. Alikuwa anaangalia wale akina mama, jinsi walivyokuwa wakiinama kila mara kunusa vichwa vya watoto wao bila hata kujua wanafanya hivyo.

Mkunga alipotoka kunyoosha mgongo, Pua alisimama.

"Mama, nina jambo la kukuuliza, si la gari."

Mkunga akageuka kumtazama.

"Binti yangu alijifungua miezi miwili iliyopita. Nyumbani kila mtu anambeba yule mtoto, anamnusa kichwani, anasema aah. Mimi namnusa sipati kitu. Ni kama nimeshika kifurushi. Mke wangu ananiambia mjukuu huyu nimempenda kidogo." Akawatazama wale watoto kwenye foleni. "Wajukuu wangu wengine ningewatambua gizani. Huyu simjui. Nilikuwa naona haya kuuliza. Mtoto mchanga ananukaje?"

Mimi niligeuka nikaangalia barabara. Nililia, sifichi. Tangu nijue, nilikuwa nikimwonea huruma kwa ajili ya magari tu.

Mkunga alimtazama kwa muda mrefu, na nilijua anawaza juu ya mtoto mwingine, yule wa kona ya tisa. Kisha akamwita mama mmoja kutoka kwenye foleni, akampokea mtoto wake, akaja naye kwenye benchi. Akaketi. Akapigapiga ubao kwa kiganja kumwonyesha Pua akae karibu. Akainamisha uso mpaka kwenye utosi wa mtoto, akavuta pumzi.

"Maziwa," alisema. "Lakini si kama ya kikombeni. Ni matamu zaidi, na ya vuguvugu. Halafu mafuta ya kupaka. Hapa nyuma ya sikio kuna jasho kidogo, na shingoni maziwa yaliyomwagika yakakauka, hayo yanachachuka."

"Na utosini penyewe, mama?" Pua akauliza. "Ni harufu kavu au mbichi?"

"Subiri," alisema mkunga, akainama akanusa tena.